Pima Chemba Kwanza, Kalibu Baadaye

Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi mitambo, Mbweni, Unguja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mkuu wa chuo, walimu wa karakana, wazee wangu mliokubali kuja kukaa na vijana, na nyinyi vijana wenyewe ambao khasa ndio mliosababisha niitwe hapa asubuhi hii.

Mwalimu wenu alinitaka nizungumze juu ya zana za vipimo, kazi niliyoifanya tangu ujana wangu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa Uingereza. Nimechagua kitu kimoja kidogo kinachoenea kiganjani: kalibu inayotumika kulirudishia umbo ganda la risasi ya mashindano ya shabaha likishafyatuliwa, ili litumike tena. Nimekichagua kwa sababu ni chombo kinachomnyima fundi nafasi ya kukisia. Ukikisia, shabaha itakuumbua mbele ya watu, au, likiwa kosa kubwa zaidi, ganda litakupasukia karibu na uso.

Kabla sijaenda mbali, nataka lieleweke jambo moja. Silaha na risasi ni mambo ya sheria na kibali cha dola, na sikuja kumwambia mtu akatengeneze risasi nyumbani. Leo hatutazungumzia baruti wala vipimo vyake. Tutazungumzia chuma, shaba, na nafasi iliyopo kati ya viwili hivyo. Haya ninayoyaeleza hufanywa na wapigaji shabaha wa mashindano kwa kufuata sheria za nchi zao, kama Uingereza na Marekani.

Uingereza kuna kijiji kiitwacho Bisley, katika jimbo la Surrey. Mashindano makubwa ya bunduki ya shabaha yamekuwa yakifanyika pale tangu 1890. Kabla ya hapo yalikuwa Wimbledon, na yalianza 1860 kwa Malkia Victoria mwenyewe kufyatua risasi ya kwanza. Bunduki ilikuwa imefungwa juu ya kitako cha chuma, Malkia akavuta uzi tu, na risasi ikapiga karibu kabisa na katikati ya shabaha iliyokuwa umbali wa yadi 400. Aliyeitega bunduki ile alikuwa Joseph Whitworth. Baadhi yenu jina hilo mmelisoma darasani: ndiye aliyependekeza mwaka 1841 kipimo kimoja cha uzi wa parafujo kwa nchi nzima, wakati kila karakana ikikata uzi wake kwa namna yake. Na ndiye aliyeunda mashine ya kupimia tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi, akaionesha London mwaka 1851. Kwa hiyo toka mwanzo mchezo huu ulikuwa mikononi mwa mtu wa vipimo. Mimi hilo hunipa furaha kila nikilikumbuka, maana watu hudhani kulenga shabaha ni macho na mkono peke yake.

Sasa tuingie kwenye chombo. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kwenye kitako chake, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Ganda ndilo linalobaki, na ndilo linalotuhusu. Limetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Mchanganyiko huu unavutika bila kukatika na unarudi nyuma kidogo baada ya kusukumwa. Lile la aina ya .308 Winchester, ambayo ilitoka 1952 na ndiyo iliyotawala mashindano ya shabaha kwa muda mrefu, lina urefu wa milimita 51 na ushei. Lina kitako, mwili, bega lililoinama, na shingo inayokishika kichwa chenye kipenyo cha milimita 7.82.

Bunduki inapofyatuliwa, mgandamizo ndani ya ganda unaweza kufikia takriban mara 4,000 ya mgandamizo wa hewa hii tunayoivuta. Shaba inavimba mpaka inagusa kuta za chemba, yaani ile nafasi iliyotobolewa nyuma ya mtutu ili ganda likae. Mgandamizo ukiondoka, shaba inanywea kidogo, ganda linatoka. Lakini halitoki kama lilivyoingia. Linatoka limechukua sura ya chemba ile, mpaka makosa yake. Kama aliyeitoboa chemba alitumia rima iliyochakaa, yaani kile chuma cha kukatia tundu kwa kipimo, ganda litakwambia. Kama chemba haijanyooka na tundu la mtutu, ganda litakwambia pia.

Wengi wenu mnaijua kofia ya viua. Ikishafuliwa haianikwi ovyo kwenye kamba. Huvishwa juu ya kitu chenye kipimo cha kichwa cha mwenyewe, ikakauka pale pale na kurudi kwenye duara lake. Huichukui kofia ya baba ukaivisha juu ya sufuria lolote kwa sababu tu sufuria ni la duara. Kalibu inafanya kazi hiyo hiyo kwa ganda lililotumika, na kosa la wanunuzi wengi ni kwamba wanachagua kalibu kwa jina lililoandikwa juu ya boksi: .308, basi, yamekwisha. Hawaulizi kichwa ni cha nani.

Mtengenezaji wa kalibu hajaiona bunduki yako. Ameikereza kalibu yake ili ganda lolote la .308 likiingia litoke likiwa dogo kiasi cha kuingia katika chemba yoyote halali ya .308 duniani, hata ile iliyobana kuliko zote. Anafanya hivyo kwa usalama na kwa biashara, na simlaumu. Lakini bunduki ya mashindano ina chemba moja tu, na kila sehemu ya milimita ambayo kalibu inalibana ganda kupita haja ya chemba hiyo ni kazi ya bure. Shaba inasukumwa ndani na kalibu, inasukumwa nje na moto, ndani tena, nje tena. Inakuwa ngumu, inachoka, inapasuka.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye hatari. Ganda la aina hii linazuiliwa ndani ya chemba kwa bega lake. Umbali wa kutoka kitako cha chemba mpaka pale bega linapogota una mipaka: kwa .308, geji ya chini inayotumika Marekani ni inchi 1.630, na geji ya kukataa, ile ambayo mlango wa bunduki haupaswi kuifungia, ni inchi 1.634. Tofauti yake ni milimita 0.1. Sasa mtu akiizungusha kalibu chini mno kwenye presi, ile mashine ya kulisukumia ganda ndani ya kalibu, bega la ganda linasukumwa nyuma kuliko inavyotakiwa. Risasi itaingia, mlango wa bunduki utafunga laini kabisa, naye atafurahi. Ikifyatuliwa, sehemu ya mbele ya ganda inang'ang'ania kuta za chemba huku kitako kikisukumwa nyuma kuijaza ile nafasi tupu. Shaba inavutika juu kidogo tu ya kitako. Mara ya kwanza haionekani. Baada ya mara kadhaa utaona mstari unaong'aa ukizunguka ganda karibu na kitako, na ndani yake umefanyika mfereji. Wazoefu huchukua waya mwembamba, wakaupinda ncha, wakaupitisha ndani ya ganda wakisikiliza kwa vidole. Waya ukikwama kwenye mfereji, ganda hilo halitumiki tena. Asiyelijua hilo siku moja ganda litamkatikia vipande viwili na gesi ya moto itatafuta njia ya kutokea.

Kwa hiyo mtu anayetaka kununua kalibu, jambo la kwanza asinunue kalibu. Anunue geji ya kupimia bega, maikromita nzuri, na kalipa ya kuaminika. Achukue maganda matatu au manne yaliyofyatuliwa katika bunduki yake mwenyewe, ayasafishe, na apime sehemu tatu: bega limefika wapi, mwili juu ya kitako una kipenyo gani, na shingo imetanuka kiasi gani. Hayo ndiyo yatakayomchagulia kalibu. Kama mwili uliofyatuliwa una kipenyo sawasawa na kile cha ndani ya kalibu anayoitaka, kalibu hiyo haitafanya kitu pale chini na maganda yake yataanza kukwama. Kama kalibu ni ndogo mno, shaba itateswa. Anatafuta kalibu inayobana mwili kiasi kidogo tu na kulirudisha bega nyuma kati ya milimita 0.025 na 0.05. Hicho ndicho kipimo ambacho wapigaji shabaha wengi wa bunduki ambazo mlango wake hufungwa kwa mkono wamekifikia baada ya majaribio ya miaka mingi.

Nikitaja milimita 0.05 mnatikisa vichwa kama vile ni kitu chepesi. Tufanye hesabu. Kalibu nyingi zina uzi wa kipimo kimoja: kipenyo cha sehemu saba za nane za inchi (7/8), na uzi unaozunguka mara 14 kwa kila inchi. Mzunguko mmoja mzima unaishusha kalibu milimita 1.81. Basi milimita 0.05 ni mzunguko wa karibu nyuzi kumi kati ya 360 za duara, chini ya nafasi ya dakika mbili kwenye uso wa saa. Mkono wa nani utazungusha hivyo kwa kubahatisha, kisha afunge nati bila kuisogeza kalibu? Ndiyo maana nati ya kufungia ni sehemu ya uchaguzi. Ile inayobanwa na skrubu ndogo inayouma moja kwa moja kwenye uzi wa kalibu huuharibu uzi na kuipindisha nati. Ile iliyopasuliwa, ambayo skrubu yake inaikaza nati yenyewe kuzunguka uzi, hubaki pale ulipoiweka. Wapo pia wanaoiacha kalibu imegota palepale, wakabadilisha kishikio cha ganda. Vishikio hivyo huuzwa kwa seti vikipishana kimo kwa sehemu mbili za elfu ya inchi, na mtu anachagua kile kinachompa bega analolitaka. Mimi naupenda utaratibu huu kwa kuwa hauhitaji bahati.

Zamani ilikuwa imani kubwa kwamba ganda libanwe shingo peke yake, mwili uachwe ulivyotoka chembani, kwa hoja kwamba ganda lililojaa chemba litakaa katikati. Hoja ina mantiki, na bado wapo wanaoifuata. Lakini ganda hilo baada ya kufyatuliwa mara kadhaa huanza kubana, mlango wa bunduki unataka nguvu, na mpigaji anayelazimisha mlango anaivuruga bunduki yake juu ya mfuko wa mchanga au begani. Siku hizi wengi wanaoshindana wamerudi kwenye kalibu ya mwili mzima iliyorekebishwa kwa kipimo nilichokitaja. Na mimi niko upande wao. Risasi inayoingia bila kusita kila mara ina thamani kuliko nadharia ya kujaza chemba.

Shingo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Kalibu za kawaida huibana shingo kupita kiasi, kisha kijiti chenye tufe la chuma kinavutwa kutoka ndani ili kuitanua tena ifikie kipimo. Shingo imesukumwa mara mbili kwa kazi ya mara moja. Baya zaidi, tufe lile likivutwa kavu huipinda shingo isilingane na mwili. Ukiliviringisha ganda kwenye kitako cha kupimia chenye saa ya vipimo yenye sindano, utaona sindano inacheza. Kichwa kikipachikwa kwenye shingo iliyopinda, kinaingia mtutuni kikiwa kimeinama kabla safari haijaanza.

Dawa yake ni kalibu yenye bushi ya shingo inayobadilishwa. Bushi ni pete ya chuma kigumu, na zinauzwa kwa hatua ya sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.025. Kuichagua ni hesabu ya skuli ya msingi. Kichwa kina milimita 7.82. Tuseme ukuta wa shingo una unene wa milimita 0.38. Kuna ukuta pande mbili, kwa hiyo risasi iliyokamilika itapima 8.58 shingoni. Toa milimita 0.05 ili shingo ikishike kichwa, unapata 8.53. Hiyo ndiyo bushi ya kuanzia. Lakini angalieni: hesabu hii inategemea unene wa ukuta, na ukuta hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, hata kutoka ganda hadi ganda ndani ya boksi moja. Anayebadilisha aina ya maganda akaacha bushi ile ile hajui tena shingo yake inashika kwa nguvu gani. Wapo wanaokereza shingo zao kwa nje ili unene uwe mmoja. Ni kazi ya subira, na kwa mashindano ya kiwango cha juu ina maana yake.

Halafu shaba yenyewe inabadilika. Kadiri inavyobanwa na kutanuka ndivyo inavyokuwa ngumu, na shaba ngumu inarudi nyuma zaidi baada ya kutoka kwenye bushi. Bushi ni ile ile, mkono ni ule ule, lakini shingo inatoka pana kuliko mwaka jana. Watu huilaumu kalibu. Kinachotakiwa ni kuipasha moto shingo na bega kwa sekunde chache ili zilainike, na kitako kamwe kisipate moto, maana kitako kikilainika hakiwezi kuuzuia mgandamizo. Nanyi mkija kufanya kazi ya kukunja bati au kuvuta bomba mtakutana na tabia hii hii ya metali kurudi nyuma.

Kalibu ya kupachikia kichwa nitaipita haraka, kwa sababu uchaguzi wake ni mwepesi. Iwe na mkono wa ndani unaolishika ganda na kichwa kwenye mstari mmoja kabla ya kusukuma. Iwe na maikromita juu yake. Na kisukumio chake kiguse mbavu za kichwa, kisiguse ncha, kwa sababu ncha za vichwa vya shabaha hazilingani urefu. Ukisukuma kwa ncha, kila risasi itakuwa na kina chake. Basi.

Mtaniuliza, hayo yote yanaonekana wapi? Kwenye shabaha ya yadi 1,000, ambayo ni mita 914. Kichwa cha gramu 10 kinatoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde. Shingo moja ikishika sana na nyingine ikilegea, mwako hautoki sawa na kasi haitoki sawa. Tofauti ya mita 10 tu kwa sekunde inaweza kuipandisha au kuishusha risasi kwa kadiri ya shubiri nzima pale mwisho. Upepo unasukuma kulia na kushoto, huo ni mtihani wa mpigaji. Kupanda na kushuka mara nyingi ni mtihani wa meza ya kazi.

Nina jambo la kuwaambia kuhusu haki, kwani lilinigusa sana. Katika mashindano makuu ya bunduki ya shabaha pale Bisley, utaratibu wa miaka mingi ulikuwa kwamba risasi hutolewa na waandaaji, kila mshindani anapewa za aina moja. Kalibu nzuri haimsaidii mtu. Tajiri na asiye na kitu wanapiga risasi moja, kinachobaki ni macho, pumzi na kuusoma upepo. Risasi za kujitengenezea zinaruhusiwa katika vitengo vingine, kama F-Class, ambako bunduki huegemezwa na hulengwa kwa darubini, na pale ndipo fundi anaposhindana na fundi mwenzake. Naona taratibu zote mbili zina heshima yake. Cha muhimu ni kujua uko kwenye utaratibu upi kabla hujatoa fedha mfukoni.

Fedha nazo tuzitaje. Wapo watengenezaji ambao ukiwapelekea maganda machache yaliyofyatuliwa kwenye bunduki yako watakukerezea kalibu kwa vipimo vyake. Wengine, kama Forster wa Marekani, kwa malipo ya ziada huipanua shingo ya kalibu yao kwa kipenyo unachotaka, nawe huhitaji bushi tena. Kwa mtu mwenye chemba moja na aina moja ya ganda, hilo ni chaguo la busara sana na bei yake si ya kutisha. Kalibu ya gharama kubwa isiyolingana na chemba yako haikupi chochote zaidi ya boksi zuri.

Na sasa jambo linalotuhusu sisi watu wa visiwani. Vipimo vya viwandani hutolewa kwa joto la nyuzi 20. Nani hapa aliwahi kuiona karakana hii ikiwa nyuzi 20? Wakati wa kaskazi tunafika 30 na kupita. Shaba ya urefu wa milimita 50 ikipanda nyuzi kumi inarefuka karibu milimita 0.01, chuma cha urefu huo huo kinarefuka karibu 0.006. Kumbukeni tulikuwa tunalitafuta bega kwa milimita 0.05. Basi geji na kitu kinachopimwa vikae pamoja mezani mpaka joto lao liwe moja, na msikumbatie geji viganjani kwa muda mrefu. Pili ni chumvi ya bahari. Kalibu ni chuma kilichong'arishwa ndani kama kioo, na doa moja la kutu linachora mstari kwenye kila kitu kitakachopita. Huku kwetu, chombo cha namna hii kikishatumika kinafutwa, kinapakwa mafuta membamba, kinafungwa kwenye karatasi ya mafuta ndani ya boksi lisilopitisha unyevu. Haya yanahusu maikromita zenu pia, na nimeziona zinavyolala wazi pale dirishani upande wa baharini.

Mezani mbele nimeweka pete za shaba nilizozikereza juzi kwenye mashine yenu, zikiwa na unene wa ukuta unaotofautiana, na kipande cha chuma cha milimita 7.82 badala ya kichwa. Njooni kwa makundi ya watu wanne wanne. Kila mmoja apime ukuta sehemu nne kuzunguka pete, aandike bila kumuonesha mwenzake, kisha kundi lipige hesabu ya bushi. Majibu yakipishana zaidi ya milimita 0.02 ndani ya kundi moja, mrudi kwenye maikromita mpime tena, na mnieleze tofauti imeingilia wapi.